Kwa nini shirika la utetezi haliendi moja kwa moja mahakamani: jibu kuhusu fedha za kampeni Marekani

SWALI: Wakili, mimi ni raia wa Marekani na mpiga kura. Katika uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi, kikundi kimoja kilimwaga matangazo ya televisheni na vipeperushi kikiwataka watu wasimchague mgombea fulani, na hadi leo hakuna anayejua fedha zile zilitoka kwa nani. Niliandikia shirika moja la utetezi linaloshughulika na kesi za namna hii, nikaliomba likishtaki kikundi hicho, nikajibiwa kwamba malalamiko lazima yaanzie kwenye Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi. Wakati huohuo nimepokea ujumbe wa watu wengine wanaosema watafungua kesi wiki hii na matokeo yatafutwa, mradi kila mdai achangie dola 150 na kutia sahihi hati ya kiapo ambayo wameshaiandaa. Je, shirika lile linaogopa? Na kwa kuwa Mahakama ya Juu iliruhusu makampuni kuwapa wagombea fedha, kuna faida gani ya kulalamika?

JIBU: Shirika lililokujibu limekueleza sheria ilivyo, na ningependa uliamini kuliko wale wanaokuahidi kesi ndani ya wiki moja. Hakuna msimu wa uchaguzi unaopita bila mtu kuniuliza kwa nini mashirika haya hayachukui hatua, na karibu kila mara nyuma ya swali hilo ipo dhana ileile: kwamba mahakama ni mlango wa mbele, na kwamba mwenye wakili hodari huingia, humtaja mkosaji, kisha hutoka na amri mkononi. Katika sheria ya shirikisho ya fedha za kampeni, mahakama ni chumba cha mwisho cha nyumba ndefu, na anayejaribu kuingilia dirishani hurudishwa nje kabla hajasikilizwa.

Sheria ya Kampeni za Uchaguzi wa Shirikisho ya mwaka 1971, pamoja na marekebisho ya mwaka 1974 yaliyounda Tume, iliipa Tume peke yake mamlaka ya kuisimamia sheria hiyo kwa njia ya madai. Mtu yeyote anaweza kulalamika, lakini malalamiko sharti yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na kuapiwa mbele ya ofisa mwenye mamlaka ya kushuhudia viapo. Tume humjulisha mlalamikiwa ndani ya siku 5, naye hupewa siku 15 za kujitetea. Siku 120 zikipita bila Tume kufanya lolote, au Tume ikiyatupa malalamiko, ndipo mlalamikaji anapopata ruhusa ya kwenda Mahakama ya Wilaya ya shirikisho iliyoko Washington, na hapo anayeshtakiwa ni Tume yenyewe. Wengi hupotea katika hatua hii, kwa hiyo naomba uizingatie: mlalamikaji akishinda, mahakama hutamka kwamba Tume ilikwenda kinyume cha sheria na kuipa siku 30 za kujirekebisha. Ni pale tu Tume inapoikaidi amri hiyo ndipo mlalamikaji anaporuhusiwa kumshtaki mkosaji kwa jina lake mwenyewe.

Hata hizo siku 120 hazimaanishi kwamba siku ya 121 jaji atakasirika kwa niaba yako. Mahakama huzichukua kuwa ni muda ambao kabla haujaisha huwezi kushtaki, kisha hupima iwapo ucheleweshaji una sababu za maana, kwa kuangalia uzito wa jambo, ugumu wake na kazi nyingine zilizoko mezani mwa Tume. Malalamiko yakitupwa, kwa upande mwingine, muda humbana mlalamikaji mwenyewe, kwa sababu ana siku 60 tu za kwenda mahakamani. Nimewahi kuona hoja nzuri ikifa kwa sababu barua ya Tume ilikaa bila kufunguliwa, na hilo huniuma zaidi ya kushindwa kwa hoja dhaifu.

Chukua kesi inayofanana na yako. Mnamo Novemba 2012, CREW, shirika la utetezi linalodai uwazi na maadili katika siasa, lilipeleka malalamiko dhidi ya Crossroads GPS, kikundi kilichotumia fedha katika uchaguzi wa Seneti wa Ohio mwaka huohuo bila kutaja wachangiaji. Mwaka 2015 makamishna waligawanyika watatu kwa watatu, na malalamiko yakafungwa. CREW ikaishtaki Tume mwaka 2016. Agosti 2018 jaji aliibatilisha kanuni ambayo Tume ilikuwa ikiitumia tangu mwaka 1980, iliyokiruhusu kikundi kumficha mchangiaji isipokuwa kama fedha zake zilitolewa kwa ajili ya tangazo mahususi. Kwa hukumu hiyo, anayetumia fedha kwa uhuru, yaani bila kushirikiana na mgombea yeyote, dhidi ya mgombea au kwa ajili yake hana budi kuwataja waliompa zaidi ya dola 200 kwa mwaka kwa lengo la kuathiri uchaguzi wa shirikisho. Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu hiyo Agosti 2020. Hesabu mwenyewe: miaka karibu minane tangu malalamiko hadi rufani, na mshindi wa kiti kile cha Ohio alikuwa amemaliza muhula wake wa miaka 6 na kuchaguliwa tena.

Je, walipoteza muda wao? Kwangu mimi hapana, hata kidogo. Kanuni iliyodumu kwa miaka 38 ilianguka, na iliwaangukia watumiaji wote wa fedha za aina hiyo nchini, wala si kikundi kimoja tu. Hiyo ndiyo kazi ya mashirika haya, na ndiyo sababu hayakubali kila malalamiko yanayoletwa mlangoni. Huchagua lile ambalo ushahidi wake umo katika nyaraka, ambalo swali lake la kisheria ni safi, na ambalo jibu lake litawafaa wasiohusika. Msomaji anayetaka mgombea wake alipiziwe kisasi hukata tamaa anapoambiwa hivyo, nami namwelewa, lakini kumdanganya kungekuwa ni kumtendea vibaya zaidi.

Ugumu mkubwa kwa sasa uko ndani ya Tume. Ina viti 6, chama kimoja hakiruhusiwi kushika zaidi ya 3, na uamuzi wa kuendelea na malalamiko huhitaji kura 4. Makamishna watatu wakikataa, jambo limekwama, na maelezo yao ndiyo mahakama huyasoma kana kwamba ni maelezo ya Tume nzima. Mwaka 2018, na tena mwaka 2021, Mahakama ya Rufani ya Washington iliamua katika kesi mbili za CREW kwamba iwapo maelezo hayo yanategemea hiari ya Tume ya kuchagua mashauri ya kufuatilia, mahakama haina la kukagua, hata kama makamishna wamechanganya humo na hoja za kisheria. Naziona hukumu hizo kuwa na makosa, kwa sababu zimefanya sentensi moja ya hiari itoshe kuufunga mlango ambao Bunge liliuacha wazi kwa makusudi. Zaidi ya hapo, Tume imewahi kubaki bila akidi, kama ilivyokuwa tangu mwisho wa Agosti 2019 na tena kuanzia Mei 2025, na katika hali hiyo malalamiko hupokelewa lakini hayapigiwi kura.

Pamoja na hayo, malalamiko yako ni ya aina iliyo na miguu. Mahakama za shirikisho hazimsikilizi mtu aliyechukizwa tu na mwenendo wa siasa. Sharti aonyeshe madhara yaliyompata yeye. Katika shauri la FEC (yaani Tume hiyo) dhidi ya Akins la mwaka 1998, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mpiga kura aliyenyimwa taarifa ambazo sheria inataka zitangazwe amepata madhara yanayomstahilisha kushtaki. Wewe unalalamika kwamba hujui nani alilipia matangazo, na hilo liko ndani ya hukumu hiyo. Ungekuwa unalalamika kwamba kikundi kilitumia fedha nyingi mno, ningekuambia usihangaike.

Ndipo tunapofika kwenye lile swali lako la mwisho, ambalo limejengwa juu ya jambo lisilo kweli. Uamuzi wa Mahakama ya Juu unaoufikiria, wa shauri la Citizens United la tarehe 21 Januari 2010, kwa kura 5 dhidi ya 4, haukuruhusu makampuni kuwapa wagombea wa shirikisho fedha. Katazo hilo lina mizizi katika sheria ya mwaka 1907 na bado lipo. Kilichoruhusiwa ni kampuni au chama cha wafanyakazi kutumia fedha zake pasipo kushirikiana na mgombea, na miezi miwili baadaye Mahakama ya Rufani, katika shauri la SpeechNow, ikafungua mlango kwa kamati za matumizi huru kupokea michango isiyo na kikomo. Lakini katika uamuzi uleule wa Januari, majaji 8 kati ya 9 waliunga mkono masharti ya kutangaza wachangiaji na wafadhili wa matangazo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba Citizens United imeyaua malalamiko kama yako hajausoma uamuzi huo, au ameusoma akaishia njiani.

Jua pia kwamba mashirika haya yako pande mbili. Campaign Legal Center, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Trevor Potter, hupigania masharti ya uwazi na vikomo vya michango. Institute for Free Speech, iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa jina jingine na Bradley Smith, hupinga mengi ya masharti hayo kwa hoja ya uhuru wa kusema. Wote wawili wamewahi kuwa wenyeviti wa Tume, na wanasheria wa pande zote mbili wanazijua hatua hizi. Soma mashauri ambayo shirika limewahi kuyaendesha kabla hujaliandikia, usije ukapeleka kilio chako kwa wanaomtetea mlalamikiwa.

Sasa wale wa dola 150. Kwao sina subira, na sitajaribu kuificha. Ada ya kufungua kesi ya madai katika Mahakama ya Wilaya ya shirikisho ni dola 405, nayo hulipwa kwa shauri zima hata kama wadai ni mia mbili. Mashirika ya kweli ya utetezi hayamtozi mtu fedha ili jina lake liandikwe kama mdai. Huendesha kesi kwa michango ya hiari na ruzuku, na haki ya mashirika yasiyo ya faida kuwatetea watu mahakamani kwa namna hiyo ililindwa na Mahakama ya Juu katika shauri la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, dhidi ya Button mwaka 1963. Shirika lenye hadhi ya hisani huwasilisha kila mwaka taarifa ya mapato na matumizi ambayo wewe una haki ya kuiona. Waombe hao waliokuandikia taarifa hiyo, pamoja na jina la wakili atakayetia sahihi hati ya madai na namba yake ya usajili. Wakikujibu kwa hotuba kuhusu uzalendo, umepata jibu.

Ahadi yao ya kufuta matokeo nayo haina msingi. Ukiukaji wa sheria ya fedha za kampeni huleta faini, na ukifanywa kwa kujua na kwa makusudi huweza kuleta mashtaka ya jinai kupitia Wizara ya Sheria. Haumvui mtu kiti chake. Katiba, katika Ibara ya 1 kifungu cha 5, imelipa kila baraza la Bunge la Marekani mamlaka ya kuamua uhalali wa uchaguzi wa wajumbe wake, na malalamiko ya mgombea aliyeshindwa katika Baraza la Wawakilishi yana utaratibu wake chini ya sheria ya mwaka 1969, ambao mpiga kura wa kawaida hawezi kuuanzisha. Kila baada ya uchaguzi huzuka watu wanaouza hati zilizochapwa tayari kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa, na wanaonunua ni watu wema wanaoipenda nchi yao. Wakili anayepeleka mahakamani madai yasiyo na msingi anaweza kuadhibiwa kwa Kanuni ya 11 ya mashauri ya madai, lakini waandaaji wa mipango hii mara nyingi si mawakili, na adhabu huishia kwa waliotia sahihi.

Kwa sababu hiyo, hati ya kiapo waliyokuletea usiitie sahihi. Kuapa kwamba umeshuhudia jambo ambalo hukulishuhudia ni kosa la jinai, hata kama maneno yaliandikwa na mtu mwingine. Badala yake, hifadhi vipeperushi na picha za matangazo zinazoonyesha maneno ya nani amelipia, andika tarehe na kituo kilichorusha kila tangazo, kisha tafuta ripoti za matumizi za kikundi hicho katika tovuti ya Tume, ambazo hazilipiwi. Peleka nakala kwa shirika lililokujibu. Likiona ripoti inayotaja matumizi bila mchangiaji hata mmoja, linaweza kuandaa malalamiko nawe ukawa mlalamikaji mwenza. Ukikubali, fahamu kwamba jina lako litawekwa wazi shauri litakapofungwa. Usingoje uchaguzi ujao, kwa sababu faini haziwezi kudaiwa baada ya miaka 5 tangu kosa litendeke, na sehemu kubwa ya miaka hiyo italiwa na Tume. Ikiwa umeshawatumia wale wengine zile dola 150, wasiliana na benki yako leo kupinga malipo hayo, na upeleke nakala ya ujumbe wao kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo lako, kitengo cha kuwalinda watumiaji.