Chumba Kinapozunguka Alfajiri

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 52, nauza vitumbua Ngamiani, Tanga. Kwa wiki mbili sasa, nikijigeuza kitandani upande wa kulia chumba chote hunizunguka hata nikatapika, kisha hutulia kabla ya dakika kwisha. Nikiinua uso kutoa sufuria juu ya kabati hali hurudi. Jirani amenipa vidonge vyake vya presha, ingawa nilipopimwa kabla ya kuvimeza ilikuwa 124/78. Je, niendelee navyo?

JIBU: Mama yangu, viache leo hii. Kwa presha ya namna hiyo, dawa ya kuishusha itakuongezea tatizo jingine, nawe kila alfajiri unasimama mbele ya mafuta ya moto.

Neno kizunguzungu tunalibebesha mambo mawili yasiyofanana. Kuna kutiwa kiza machoni unapoinuka, ambako mara nyingi hutokana na presha kushuka, upungufu wa damu, njaa au dawa. Na kuna kuona nyumba inazunguka ilhali umelala, ambako mara nyingi chanzo chake kimo sikioni. Maelezo yako yanaelekea huku kwa pili.

Ndani kabisa ya sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji, inayouarifu ubongo kichwa kinapogeuka, na jirani yake pana chembe ndogo mno mfano wa chokaa. Chembe hizo zikibanduka, aghalabu kwa umri au baada ya kugongwa kichwa, huingia mferejini. Ukijigeuza huyasukuma majimaji, na ubongo ukadanganyika kwamba mwili unazunguka. Zikitulia, nawe hutulia.

Nenda Hospitali ya Bombo ukaonwe na daktari wa masikio. Atakugeuza kichwa nyuzi 45, akulaze chali kwa haraka kichwa kikining'inia kidogo ukingoni, huku akiyatazama macho yako kama yanachezacheza. Chumba kitazunguka, lakini usiogope, na kama una maumivu ya shingo mwambie mapema. Tiba yenyewe ni kugeuzwa kichwa kwa hatua hadi chembe zirudi zilikotoka, njia aliyoichapisha John Epley wa Marekani mwaka 1992. Wengi hupona kwa mara moja au mbili, bila kidonge.

Kizunguzungu kikiandamana na mdomo kupinda, ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kutembea, wakupeleke hospitali saa ileile, kwani huenda ni kiharusi.

Hadi utakapotibiwa, keti kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, sufuria za juu ashushe mtoto, na karai asimamie mwingine.