Aliyetoka jela akatubu: je, tumkabidhi timu?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mjumbe wa kamati ya klabu ya mpira. Kocha wetu mkuu ameondoka na tunatafuta mwingine. Kati ya walioomba kuna mtu ambaye mpira anaujua haswa, ila huko nyuma alifungwa miaka mitatu kwa utapeli. Alichukua fedha za wazazi akiwaahidi kuwapeleka watoto wao majaribio ng'ambo, na majaribio yenyewe hayakuwepo. Ana miaka miwili tangu atoke. Swala za jamaa hazimpiti, na kila jioni anafundisha watoto bure. Nimemwona mwenyewe akipiga goti kwenye vumbi kumfunga mtoto kamba za viatu. Nusu ya kamati inasema ametubu, apewe. Mmoja wao ametoa mfano wa Nabii Yusuf aliyetoka gerezani akakabidhiwa hazina, mwingine akamtaja Uli Hoeness wa Bayern Munich. Nusu ya pili inasema mwizi ni mwizi. Kuna mama mmoja kati ya waliotapeliwa, kijana wake anacheza kwetu na yeye hakosi mechi. Je, mtu huyu anastahili nafasi ya pili? Na nikipiga kura ya hapana, nitakuwa nimemfungia mja mlango wa toba?

JAWABU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Mlango wa toba kamati yenu haina ufunguo wake. Mwenyezi Mungu amesema: "Enyi waja wangu mliojidhulumu nafsi zenu, msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, hakika Mwenyezi Mungu husamehe dhambi zote" (Az-Zumar, 53). Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyeua watu tisini na tisa, akaenda kwa mchamungu kuuliza kama ana toba, akaambiwa hana, akamuua naye zikatimia mia. Kisha akamwendea mwenye elimu, naye akamwambia: ni nani awezaye kukuzuia na toba? Basi hata mkikaa kikao mkapiga kura zote za hapana, mtu huyo akiwa amemwelekea Mola wake kwa kweli, kura zenu hazimfikii.

Lakini nyinyi hamkuulizwa kama asamehewe. Mmeulizwa kama apewe timu, na haya ni mambo mawili. Abu Dharr (Allah amridhie) alikuwa miongoni mwa masahaba wakweli kabisa wa ulimi na moyo. Alipoomba uongozi, Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) alimpiga begani kwa mkono akamwambia: "Ewe Abu Dharr, wewe ni dhaifu, na hiyo ni amana" (Muslim). Hakuna aliyesema Abu Dharr ana doa. Alinyimwa kazi, wala hakupungukiwa na heshima mbele ya Mtume. Kwa hiyo neno "anastahili" mlilolishika pande zote mbili linawapoteza. Ukocha haustahiliwi na yeyote kama deni analodai. Kipimo kipo katika maneno ya binti aliyemsemea Nabii Musa kwa baba yake: "Hakika mbora wa kumwajiri ni mwenye nguvu, mwaminifu" (Al-Qasas, 26). Nguvu za kazi unasema anazo. Imebaki ya pili.

Sasa hizo dalili zenu. Anayemtaja Nabii Yusuf (alayhis salaam) namwomba arudi aisome sura vizuri. Yusuf hakuwa mhalifu aliyetubu. Alifungwa bila kosa, na alipoitwa na mfalme atoke, alikataa. Alimwambia mjumbe: "Rejea kwa bwana wako umuulize, wana habari gani wale wanawake waliokata mikono yao?" (Yusuf, 50). Hakuikanyaga hazina mpaka kesi yake ichunguzwe upya na mke wa mheshimiwa akiri hadharani. Kama mnataka kumfuata Yusuf, basi lichukueni hilo: jambo lichunguzwe mchana kweupe kabla mtu hajakabidhiwa funguo.

Na wanaosema mwizi ni mwizi, nao nawapeleka kwenye Sura An-Nur, aya ya 4 na ya 5. Aliyewazulia uzinzi wanawake waliohifadhika bila mashahidi wanne ameamriwa kupigwa mijeledi themanini, na ushahidi wake usikubaliwe kamwe. Halafu ikaja: "isipokuwa wale waliotubu baada ya hayo na wakatengenea." Imam Abu Hanifa aliona toba inamwondolea ufasiki tu, ushahidi wake haurudi. Imam Malik, Shafi na Ahmad wao wakasema ushahidi unarudi. Mimi niko na hao wengi. Ila angalieni aya haikuishia kwenye "waliotubu". Imeongeza "wakatengenea", na huko kutengenea watu hukuona kwa macho. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wengi wao, kama alivyonukuu Imam Nawawi, wameuwekea muda: mwaka mzima wa kumwangalia. Na sababu waliyoitaja hunipendeza kila nikiisoma. Mwaka una misimu minne, na kila msimu huamsha matamanio yake ndani ya nafsi. Akiivuka yote salama, hapo ndipo dhana njema hupata mguu wa kusimamia. Mtu wenu ana miaka miwili nje, akifundisha watoto bila malipo. Kwa kipimo hiki amevuka.

Hapa ndipo mifano ya mpira inapofaa. Tony Adams, nahodha wa Arsenal, aliendesha gari amelewa mwaka 1990 akagonga ukuta, akahukumiwa kifungo cha miezi minne. Alipotoka aliendelea kunywa. Hakukiri ulevi wake na kuacha mpaka mwaka 1996, na mwaka 2000 akaanzisha kituo cha kuwasaidia wanamichezo wenye maradhi kama yake. Ukocha wa kwanza, katika klabu ya Wycombe, aliupata mwaka 2003. Jela haikumrekebisha, kilichomrekebisha kilikuja miaka mingi baadaye, na watu waliona. Kwa hiyo msihesabu siku ya kufunguliwa kuwa ndiyo siku ya toba.

Hoeness naye, aliyekuwa rais wa Bayern Munich, alihukumiwa Machi 2014 miaka mitatu na nusu kwa kukwepa kodi ya zaidi ya euro milioni 28, akakubali bila kukata rufaa. Kifungo chake kilipofikia hatua ya kuruhusiwa kutoka mchana kwenda kazini, alifanya kazi katika timu za vijana za klabu. Akatoka Februari 2016, na Novemba mwaka huo wanachama wakamchagua tena kuwa rais wa klabu. Mfano huu una faida moja: waliomrudisha ni wenye mali, walipiga kura wakijua kila kitu. Una upungufu mmoja pia, na ndio unaowahusu. Aliyedhulumiwa pale ni hazina ya serikali. Kwenu aliyedhulumiwa amekaa jukwaani.

Na hapa sina budi kusema jambo ambalo sikuliona popote katika swali lako. Je, fedha za wale wazazi zimerudi? Masharti ya toba ni kuacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Dhambi ikiwa na haki ya mtu ndani yake linaongezeka la nne, kumrudishia mwenyewe haki yake au kumwomba akuhalalishie. Watu wengi hudhani miaka ya gerezani imelipa. Gereza limelipa haki ya dola. Fedha ya yule mama iko palepale shingoni mwake, na Mtume ametuonya kwamba Siku ya Kiyama hakuna dinari wala dirhamu, bali yatachukuliwa mema yake apewe aliyedhulumiwa, na yakiisha atabebeshwa maovu ya huyo aliyedhulumiwa. Kama hajalipa kwa kuwa hana, basi aandikishane na kila mmoja, alipe kidogo kidogo. Na kama anacho akanyamaza, ndugu yangu, safu ya mbele msikitini haimtoshi, nami nakushauri upige hapana bila kusita. Huyo hajatubu, amehamia tu jirani na waliotubu.

Tukadirie amelipa, au ameanza kulipa na maandishi yapo. Hapo naona apewe timu, tena mumpe kwa moyo mkunjufu. Ila mtenganishe uwanja na pesa. Kosa lake lilikuwa fedha za wazazi na ndoto za watoto, hivyo usajili, mazungumzo na mawakala, barua za majaribio na daftari la fedha viende kwa mweka hazina na katibu, na mzazi yeyote asimpe kocha hata senti mkononi. Apange kikosi, afundishe, afoke pembeni ya mstari anavyotaka. Mtume amesema muumini haumwi mara mbili katika tundu moja, nanyi mnaziba tundu. Kumziba tundu mtu si kumtukana. Kwa kweli hata kocha ambaye hajawahi kuiona jela ningependa awekewe utaratibu huu.

Nitaje kwa ufupi: lau kosa lake lingekuwa kumdhuru mtoto mwilini, jibu langu lingekuwa tofauti kabisa. Toba yake tungemwachia Mola wake, na kazi ya kukaa na watoto asingepewa milele.

Nirudi kwa yule mama. Wahshi ndiye aliyemuua Hamza, ami yake Mtume, kwa mkuki. Baadaye akaja, akasilimu, na Uislamu wake ukakubaliwa. Mtume akamuuliza, wewe ndiye Wahshi? Akakiri, na kuhusu Hamza akajibu kwamba ilikuwa kama habari ilivyomfikia. Kisha Mtume akamwambia: je, unaweza kuuficha uso wako nisiuone? (Bukhari). Tazama hapo. Msamaha ulikuwa kamili, na maumivu nayo yalikuwapo, wala Mtume hakuona haya kuyasema. Wahshi hakulalamika kwamba hajasamehewa. Alijiweka kando, na katika vita vya Yamama akamrushia Musaylima mwongo, aliyejidai nabii, mkuki uleule, akitumai kulipia kwa hilo aliyoyafanya kwa Hamza. Basi msimlazimishe mama huyu ashikane mikono na kocha mbele ya mashabiki ili ionekane mambo yameisha. Ana haki ya kutomtazama. Na kijana wake asipopangwa, atadhani ni kisasi. Kwa hiyo katika maamuzi juu ya kijana huyo, kocha awe na msaidizi anayeshirikishwa.

Nyimbo za mashabiki wa timu pinzani kuhusu jela hamtaziweza. Za mashabiki wenu mnaziweza. Kuna sahaba aliyekuwa akipigwa mara kwa mara kwa kunywa pombe, mtu mmoja akamlaani, Mtume akamkataza. Na katika tukio jingine kama hilo akasema, msiwe wasaidizi wa shetani dhidi ya ndugu yenu.

Kuhusu kura yako: ukisema hapana kwa sababu haki za watu hazijarudi, au umemwona mwingine anayefaa zaidi, huna dhambi. Ukisema hapana kwa kuwa tu aliwahi kuvaa nguo za wafungwa, hapo nakuogopea. Na kabla ya kikao, mtumeni mtu mzima mwenye busara kwa yule mama na wenzake, aulize kimoja tu: kimelipwa kiasi gani? Asiende mwenyewe anayeomba kazi.

Wallahu a'lam.