Hata dagaa hatuvui kwenye mbalamwezi

Mhariri, swali lenu la wiki lilisema: "Likija janga jingine kama Uviko, utafuata tena masharti, au wananchi tumeshachoka?" Nimelisoma nikiwa Mwaloni, soko letu la samaki la Kirumba hapa Mwanza, nimekalia gunia la dagaa nikisubiri mteja wa Kongo amalize kuhesabu hela. Nikamsomea na jirani yangu wa meza ya pili. Akacheka. "Tuchoke na nini, mama? Kwani tulifanya nini?"

Hana makosa sana. Ukitulinganisha na wenzetu tunaozunguka nao Ziwa Viktoria hilihili, sisi tulipita mlango mpana. Kenya waliwekewa kafyu tangu mwisho wa Machi 2020. Uganda walifungiwa ndani, na shule zao hazikufunguka kwa wote mpaka Januari 2022. Hapa shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza kule Arusha, na mwisho wa Juni watoto wote walikuwa wamesharudi. Daladala zikaambiwa level siti, yaani abiria wasizidi viti, agizo ambalo kwenye njia ya Igoma lilidumu mpaka trafiki alipogeuka kunywa maji. Ibada ziliendelea. Mwezi Mei takwimu zikaacha kutangazwa, tukasikia hadithi kwamba hata papai na mbuzi vilipopimwa vilikutwa na Uviko, na kuanzia hapo kila mtu akawa daktari wa nyumba yake: nyungu asubuhi, tangawizi na limau jioni. Mimi mwenyewe nilijifukiza mpaka nikaungua paja. Kovu ninalo.

Kilichotuumiza sokoni ni masharti ya wengine. Madereva wa malori wanaopeleka dagaa nje walikwama mipakani, Rusumo na Mutukula, wakisubiri majibu ya vipimo. Minofu ya sangara ilikuwa inasafiri kwa ndege, ndege zikasimama, na wavuvi wa sangara wakaanza kutembeza samaki mitaani kama mchicha. Kwa hiyo mtu wa Mwaloni akikwambia amechoka na Uviko, muulize vizuri. Mara nyingi anazungumzia mfuko wake.

Lakini masharti yetu wenyewe nayo yalikuwepo, na nakumbuka yalivyokufa, kwa sababu yalifia mbele ya macho yangu. Getini waliweka ndoo yenye koki juu ya kigoda. Wiki ya kwanza kulikuwa na kipande cha sabuni na kijana amesimama, hupiti bila kunawa, hata uwe umebeba nini. Wiki ya pili ikaja sabuni ya maji, imechanganywa mpaka haitoi povu. Wiki ya tatu kijana hayupo. Ya nne koki imeng'oka, tundu limezibwa kwa gunzi la mahindi, ukitaka maji unachomoa gunzi na yote yanakumwagikia miguuni. Baadaye ndoo yenyewe nikaikuta kwa mwenzetu mmoja imejaa dagaa. Nikamuuliza ameitoa wapi. Akasema ameiokota.

Sikuona mtu aliyegoma kunawa kwa ubishi. Watu waliiacha ile ndoo kwa sababu hakuna aliyejua inamlinda nani. Tuliambiwa "jilinde". Sasa kuli anayebeba magunia kutwa nzima akiwa kifua wazi, usiku analala na wenzake watano chumba kimoja kule Mabatini, ukimwambia ajilinde anaona unamtania. Barakoa nayo ikawa tiketi. Mwaka 2021 nilikwenda kumtazama mgonjwa kwenye hospitali moja hapa mjini. Mlinzi hakuruhusu mtu kuingia bila barakoa, na nje ya geti kulikuwa na kijana wa bodaboda anakodisha barakoa moja, ileile, kwa shilingi 200. Anatoka mtu, anaivua, anavaa mwingine. Mlinzi anaona. Hakusema kitu, maana agizo lake lilikuwa barakoa iwepo usoni.

Kilichonibadilisha mimi ni mdogo wangu wa kike. Ni muuguzi kwenye kituo kimoja cha afya ng'ambo ya maji, sitakitaja. Agosti ile ya 2021, ugonjwa ulipokuwa mkali, nilipanda boti nikampelekea unga na dagaa kwa sababu simu alikuwa hapokei. Nilifika asubuhi, yeye akiwa ndiyo anatoka zamu ya usiku. Hakuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka uani, akavua sare akiwa amejifunga kanga, akailoweka kwenye beseni la maji ya dawa, viatu akaviacha juani. Mwenye nyumba alikuwa ameshamwambia asitumie choo cha ndani na wapangaji wengine. Alimwambia kwa upole kabisa, hata akaongeza "mwanangu". Kwenye mashavu ya mdogo wangu kulikuwa na mistari miwili ya barakoa, imeingia kama alama ya kamba kwenye gunia.

Nikampikia uji. Akasinzia akiwa ameketi, kijiko mkononi.

Alipoamka ndipo akanieleza. Ratiba ya wodi yao ilikuwa na wauguzi watano. Wawili waliugua, mmoja alikuwa likizo ya uzazi. Walibaki wawili, saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili, kila siku, bila ya kupumzika. Usiku mmoja alikuwa na mama anayejifungua chumba hiki na mzee anayetweta chumba kile, na mtungi wa oksijeni unaohitaji mtu wa kuutazama. Akawa anakimbia kati ya milango miwili. Mama alijifungua salama. Ya mzee hakunisimulia, na mimi sikuuliza. Akasema hivi: "Dada, wingi wa wagonjwa siuogopi. Naogopa yule wa kunipokea zamu asipokuja."

Sisi watu wa dagaa jambo hilo tunalielewa bila semina. Mtumbwi wa dagaa unaingia ziwani na watu wanne. Mmoja akipata homa, mtumbwi unalala ufukweni. Taa zipo, wavu upo, mafuta tajiri ameshanunua, lakini mtumbwi hauendi, maana watatu hawawezi kuvuta ule wavu. Laiti getini wangeweka mtu wa kutuambia: nawa mikono, kwa sababu ng'ambo ya maji kuna wodi ina wauguzi wawili, na wewe ukiugua utamwambukiza mmojawapo, na mama yako akipelekwa pale usiku hatakuta mtu. Wazee wa Mwaloni wangesimamia ile ndoo wenyewe. Koki isingeng'oka.

Niliporudi niliwasimulia makuli wa upande wetu maneno haya. Wawili wakatikisa kichwa. Wa tatu akasema, "Sasa mama, unataka mimi ninawe mpaka lini ili Serikali isiajiri?"

Nilikasirika, halafu nikaona ana hoja. Upungufu haukuletwa na Uviko. Waulize wenye vituo kuhusu ikama, yaani idadi ya watumishi kituo kinayotakiwa kuwa nayo, watakwambia kwamba kwa miaka mingi karibu nusu ya nafasi zimekuwa wazi. Mwaka 2017 lilipofanyika zoezi la vyeti feki, watumishi wa umma 9,932 walitajwa kwa mkupuo, na pale kwa mdogo wangu akatoka mmoja. Sitetei cheti cha kughushi hata kidogo, na mtu wa kuchoma sindano ndiye kabisa. Nasema tu kwamba kiti chake kilikaa wazi miaka, na kazi zake zikagawiwa waliobaki kimyakimya, mpaka zikaonekana ni zao.

Upande wa pili, mtaani kwetu kuna vijana wawili wenye diploma ya uuguzi. Mmoja anaendesha bodaboda. Mwingine anajitolea kwenye zahanati, anavaa sare, anafunga vidonda, anapewa nauli. Wagonjwa wanamwita sista kama wengine. Anasubiri ajira zitangazwe, zikitangazwa anaomba, asipopata anasubiri tena. Ukimwona mwaka unaisha hivyo, neno "upungufu wa watumishi" linakuwa gumu kumeza. Watu wapo. Kilichopungua ni mshahara wa kuwaita.

Fedha za Uviko zilikuja, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, ule wa trilioni 1.3. Tumeona madarasa, tukasikia na wodi za wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni. Ni vitu vizuri, sisemi vibaya. Ila jengo halichomi sindano. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wahudumu waliokuwa wanalipwa na miradi kwenye kliniki za VVU walijikuta wakiambiwa wasije kazini, na wagonjwa wao wakahamia foleni ya wauguzi walewale wa Serikali. Hapo hakukuwa na kirusi kipya. Ilikuwa barua tu kutoka mbali.

Hata chanjo ilinionyesha jambo hilohilo. Rais Samia alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, lakini watu wengi wa soko waligoma kwenda vituoni kwa ajili ya maneno ya mitandaoni. Baadaye ikaja kampeni ya kuwafuata watu walipo. Dada mmoja alifika kwenye meza zetu na boksi la baridi begani, akakaa kwenye turubai, akatuchanja na kutujibu maswali ya kila aina, mengine ya aibu. Nami nilichanjwa hapo, harufu ya dagaa na yote. Nikamuuliza anatoka wapi, akataja zahanati yake. "Huko umemwacha nani?" Akaguna. "Tumefunga mpaka saa nane." Kwa hiyo ili mimi nichanjwe Mwaloni, kuna mtoto mahali fulani alikaa na homa nje ya mlango wenye kufuli. Hakuna tangazo lililosema hivyo.

Tazameni basi kilichotokea Kagera. Marburg, ugonjwa hatari unaoambukiza kwa kumgusa mgonjwa, ilitangazwa tarehe 21 Machi 2023, ikaja kutangazwa imekwisha tarehe 2 Juni. Wagonjwa walikuwa tisa, sita wakafariki, na miongoni mwao mhudumu wa afya. Waliowagusa wagonjwa walifuatiliwa siku 21 kila mmoja. Nina mteja wa Bukoba ambaye hakuwa hata kwenye orodha, lakini aliahirisha kuja kuchukua mzigo wiki tatu nzima. Alinipigia mwenyewe: "Mama, siku zikitimia nitakuja." Huyu ndiye yule aliyekuwa anashusha barakoa kidevuni mwaka 2021, namfahamu vizuri. Tofauti ni kwamba mara hii alijua kinachoogopwa, alijua hata mhudumu ameondoka nacho, na alikuwa na tarehe ya kuhesabia.

Tarehe, mhariri. Sisi kila mwezi tunaacha kazi. Dagaa huvuliwa gizani, taa ndiyo inawavuta. Mbalamwezi ikikomaa taa haina kazi, mitumbwi inapandishwa ufukweni, vijana wanashona nyavu, sokoni mzigo unapungua na bei inapanda. Tunakosa hela kweli, na wengine tunakopa. Lakini hujawahi kusikia mvuvi amechoka na mbalamwezi, wala polisi hatumwi kuwazuia watu wasiingie ziwani. Kila mtu anaiona sababu juu ya kichwa chake, na anajua siku gani itaisha.

Basi jibu langu ni ndiyo, nitafuata. Nitanawa, nitavaa barakoa yangu mwenyewe, si ya kukodi, na mkisema nikae nyumbani siku 21 nitakaa. Ila niambiwe tunamlinda nani na mpaka lini. Na nina ombi moja dogo kwa wenye vituo. Pale ukutani penye bei za vipimo na namba ya kupiga ukiombwa rushwa, wabandike na mstari mwingine: wauguzi wanaotakiwa zamu ya leo usiku ni wangapi, waliopo ni wangapi. Wauandike kwa chaki kila jioni. Namba hiyo haihitaji mfadhili. Mtu akisoma "watano, wawili" atajua kuacha kuwagombeza, na atajua pia ni nani wa kumuuliza kwenye mkutano wa hadhara.

Jirani yangu wa meza ya pili anasema hawataandika kamwe. Tumewekeana dau la kilo mbili za dagaa.

Nimeandika kwa kirefu kwa sababu wiki hii ni mbalamwezi na soko limepoa. Mdogo wangu yupo zamu ya usiku. Nilimpigia saa tatu kumuuliza kama ni sawa nikiandika habari ya beseni na mwenye nyumba, hakupokea. Karibu na saa sita ukaja ujumbe: "Andika tu dada. Niko peke yangu, tutaongea asubuhi."

Msomaji, Kirumba, Mwanza