Wasanifu wa Dar es Salaam na Zanzibar wana mtindo wao?

Ndugu, umeuliza kama wasanifu majengo wa Dar na Zanzibar wamewahi kuwa na mtindo wao au waliiga Ulaya tu. Mtindo upo, na unastahili kuheshimiwa kuliko tunavyouheshimu.

Zanzibar utakutana na kazi za J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyependa makuba na matao. Beit el Amani, jumba la makumbusho la 1925, ni yake. Inapendeza, ingawa kwangu ni Mashariki kama Mzungu alivyoifikiria, si kama nyumba halisi za Mji Mkongwe.

Dar ndiko kwenye utamu. Beda Amuli, kati ya wasanifu Waafrika wa mwanzo nchini, alibuni Soko la Kariakoo lililojengwa miaka ya 1970. Tazama paa: miavuli mikubwa ya zege iliyopangwa kwa kupishana kimo, hewa ya moto ikapata pa kutokea, wachuuzi wakapata kivuli, na maji ya mvua yakakusanywa. Zege ni la kisasa, lakini fikra nzima ni ya soko la wazi chini ya mti. Anthony Almeida, msanifu mwingine wa Dar, naye alipambana na jua hilohilo. Ukienda kuangalia majengo yake, nenda saa saba mchana, uone vivuli vinaangukia wapi.