Maswali Yenu: Seva Ndogo Ndani ya Kompyuta

SWALI: Ninatengeneza ukurasa wa HTML wenye JavaScript. Nikibofya faili mara mbili unafunguka vizuri, ila data iliyo kwenye faili la JSON haitokei. Nimeambiwa nitumie seva. Ni lazima kweli?

JIBU: Ni lazima, na haichukui hata dakika moja. Tazama anwani iliyo juu ya kivinjari: inaanza na file://. Ukurasa uliofunguliwa hivyo hauruhusiwi kusoma mafaili mengine ya diski kwa fetch, amri ya JavaScript ya kuchukua data. Ungeruhusiwa, ukurasa wowote uliopakua ungeweza kuchungulia nyaraka zako. Ukipitia http://, yaani kupitia seva (programu inayokipa kivinjari mafaili), kizuizi hicho kinaondoka.

Kama una Python 3, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), ingia kwenye folda ya kazi kwa amri ya cd, kisha andika:

python3 -m http.server 8000 --bind 127.0.0.1

Kwenye Windows mara nyingi huandikwa py badala ya python3. Acha dirisha hilo wazi, halafu fungua http://localhost:8000 kwenye kivinjari. Kama folda haina index.html, utaona orodha ya mafaili.

Kila faili linaloombwa huacha mstari kwenye terminali: 200 limetolewa, 304 halijabadilika tangu lichukuliwe mara ya mwisho, 404 halikupatikana. Mstari wa 404 usome herufi kwa herufi. Picha.JPG na picha.jpg kwa kawaida ni faili moja kwenye Windows, lakini kwenye Linux ni mafaili mawili, na kosa hilo huvizia mpaka siku unapohamishia kazi kwenye seva halisi.

Ukipata ujumbe "Address already in use", kuna programu imeshika poti 8000 (namba ya mlango ambao seva hupokelea maombi), aghalabu seva yako ya jana uliyosahau kuizima. Izime kwa Ctrl+C, au tumia 8080.

SWALI: Nataka kuchukua mafaili ya kompyuta kwa simu kupitia Wi-Fi. Kompyuta inafungua localhost:8000, simu inakataa.

JIBU: Localhost maana yake ni mashine hiihii. Simu ukiiandikia hivyo inajitafuta yenyewe. Washa seva upya bila --bind 127.0.0.1, inayoifungia kwenye kompyuta yako tu, kisha tafuta anwani ya IP ya kompyuta: ipconfig kwenye Windows, ip addr kwenye Linux. Ukipata, tuseme, 192.168.1.23, andika kwenye simu http://192.168.1.23:8000, pamoja na hiyo http:// mwanzoni. Kivinjari kikijiongezea https, terminali itaonyesha "Bad request version" na herufi zisizosomeka: simu inataka kuzungumza kwa usimbaji fiche (mawasiliano yaliyofungwa kwa siri) ambao seva hii haiujui.

Kama terminali imekaa kimya kabisa, ombi halijafika. Angalia faiawoli ya kompyuta (kinga inayozuia maombi ya kutoka nje) kwanza, kisha hakikisha vifaa vyote viwili viko kwenye mtandao mmoja. Wi-Fi ya wageni mara nyingi huzuia vifaa visionane, na hapo hakuna amri ya Python itakayokusaidia.

Tahadhari hii tunaisisitiza: seva hii haina nenosiri wala usimbaji fiche. Yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kuona orodha nzima, hata mafaili yaliyofichwa kama .env, faili la mipangilio lenye funguo zako za siri. Usiiwashe ukiwa kwenye folda ya nyumbani. Tengeneza folda mpya, weka unachotaka kushiriki tu, kisha uitaje kwa --directory mwishoni mwa amri. Ukimaliza, zima.

SWALI: Video inacheza kwenye simu lakini siwezi kuisogeza mbele. Na ukurasa wangu wa kamera unafanya kazi kwenye kompyuta pekee.

JIBU: Hizo ni sababu mbili tofauti. Seva ya Python haijui kutoa kipande cha faili. Hutoa lote kuanzia mwanzo. Ndiyo maana pia upakuaji ukikatika unaanza upya. Kwa mafaili makubwa tumia Caddy, programu nyingine ya seva unayoisakinisha kwanza:

caddy file-server --listen :8000 --browse

Kamera, kwa upande wake, vivinjari huiruhusu kwenye https au localhost tu, 192.168 haimo. Kwa simu ya Android, washa utatuzi wa USB (USB debugging) kwenye mipangilio ya wasanidi (Developer options), iunganishe kwa waya, kisha kwenye kompyuta yenye adb, zana ya Android ya kuwasiliana na simu, andika adb reverse tcp:8000 tcp:8000. Sasa simu ikifungua http://localhost:8000 inafika kwenye kompyuta yako, na ombi la kutumia kamera litatokea.