Maswali yenu: kompyuta ya mezani ya nyumbani kwa hela ndogo

Maswali yamekuja mengi na karibu wote mnauliza kitu kimoja, nina hela kidogo nataka kompyuta ya nyumbani isiyosumbua, nichukue ipi. Naongelea mashine za mtumba, zile zilizotumika maofisini Ulaya, Marekani na Dubai, maana kwa bajeti zenu mpya ya maana hupati, na kusema kweli hizi za ofisini zimetengenezwa imara, zinafunguka kirahisi na spea zake zipo.

"Kaka, nina laki tano, nataka kompyuta watoto wasomee na mimi niweke mahesabu ya duka. Kariakoo winga kanikomalia nichukue Core i7, eti i5 haina nguvu. Ni kweli?" (Mama wa watoto watatu, Mbagala)

Dada yangu, sio kweli kabisa. i5 na i7 ni majina ya prosesa za Intel, yani ubongo wa kompyuta, na stika ya i7 peke yake haisemi kitu, angalia namba inayofuata baada ya kistari. i7-3770, ile 3 ya mwanzo maana yake ni kizazi cha 3, mashine ya 2012 hiyo. i5-8500 ni kizazi cha 8, ya 2018, na inaiacha ile i7 mbali sana. Namba zikiwa tano, kama i5-10500, unasoma mbili za mwanzo, yani kizazi cha 10. Mimi chini ya kizazi cha 8 simshauri mtu anunue leo, maana Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia hapo, na Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Sasa winga anapokupa kizazi cha 3 kwa bei ya kizazi cha 8 kisa imeandikwa i7, anakuuzia mzigo ambao umemlalia.

Andika majina haya kwenye karatasi uende nayo: Dell OptiPlex 3060, 5060 au 7060, HP EliteDesk 800 G4 au ProDesk 600 G4, Lenovo ThinkCentre M720. Ram (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (diski ya kisasa yenye kasi) GB 256. Kwa kazi zako hata i3 ya kizazi cha 8 inatosha, ila SSD usikubali ikosekane, mashine yenye diski ya zamani (HDD) unaiwasha, unaenda kubandika chai, unarudi bado inazunguka. Hela ikipungua punguza kwenye kioo, chukua inchi 19 ya mtumba, kioo utabadilisha siku nyingine.

"Shikamoo. Mimi nimeshanunua kizazi cha 4, OptiPlex 9020, mwaka jana. Ndio nimeliwa?" (Mwanachuo, Dodoma)

Marahaba mdogo wangu. Hujaliwa, tulia. Weka SSD, ongeza ram ifike GB 8 (mwambie fundi ni ram ya aina ya DDR3, asikuletee DDR4 haiingii), alafu weka Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows, ni wa bure kabisa na haina ubaguzi wa kizazi. LibreOffice inakuja nayo tayari, humo unaandika ripoti zako na kufungua mafaili ya Word vizuri tu, ingawa mpangilio wa kurasa unaweza kusogea kidogo, kwahiyo kazi ya kukabidhi itoe kwenye PDF. Kuna mafundi watakuambia wanaweza kulazimisha Windows 11 iingie, na kweli inaingia, ila Microsoft hawaahidi kukuletea maboresho na mimi sipendi mwanafunzi akae na mashine ambayo hajui lini itamgomea.

"Huku Chanika umeme unakatika kila mara. Nikinunua stebilaiza inatosha?"

Haitoshi. Stebilaiza inasawazisha umeme ukiwepo, ukikatika nayo inazima. Unachohitaji ni UPS, kiboksi chenye betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, ya 650VA inakutosha kwa kompyuta na kioo, ikianza kulia una dakika chache za kusevu na kuzima vizuri, usiitumie kuendelea na muvi.

Alafu hapa naomba mnisikilize wote. Mashine zinazotoka Marekani nyingine zina kiswichi chekundu kule nyuma, karibu na unapochomeka waya, kimeandikwa 115 na 230. Kwetu umeme ni volti 230, kwahiyo hakikisha kipo kwenye 230 kabla hujachomeka. Shangazi yangu aliletewa moja kama zawadi, hakuna aliyegeuza nyuma kuangalia, tulichomeka pale sebuleni ukasikika mlio kama puto limepasuka, harufu ya kuungua ikakaa ndani mpaka jioni, pawasaplai imekwisha na mama wa watu hajaandika hata neno moja. Iliniuma sana kwa sababu ni kitu cha kusukuma na ncha ya bisibisi tu. Kama hakuna swichi, soma lebo ya pawasaplai, ikiandikwa 100-240V chomeka bila wasiwasi.

"Inakula LUKU sana?"

Hapana. Kwa matumizi ya kawaida mashine na kioo ni kama wati 60, ukiwasha saa 4 kila siku, mwezi mzima ni uniti 7 hivi. Pasi ndio adui yako.

"Naweza kutumia tivi badala ya kioo? Na intaneti napataje, sina waifai ya nyumbani." (Baba, Moshi)

Tivi inafaa mzee wangu, ila mashine nyingi za ofisini hazina HDMI, zina DisplayPort, kwahiyo nunua kabisa waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI. Nyingi pia hazina waifai ndani. Chomeka simu yako kwa waya wa USB, ingia kwenye seting za hotspot uwashe ile ya USB, mashine inapata intaneti bila kununua kitu kingine.

"Nikifika dukani nikague nini kabla sijatoa hela?"

Usikubali kununua mashine iliyozimwa. Iwashwe mbele yako, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, litafunguka dirisha, nenda sehemu ya Performance, hapo utaona jina kamili la prosesa, ram ngapi, na diski kama ni SSD au HDD. Muuzaji akisema ram 8 pale ikasoma 4, mwonyeshe kidole. Chomeka flashi yako kwenye kila tundu la USB moja moja, ya mbele na ya nyuma. Angalia tarehe pale pembeni, ikiwa imerudi miaka ya nyuma betri ndogo ya CR2032 imekufa, ni ya bei ndogo, waibadilishe palepale. Iache iwake dakika 20 hivi, weka sikio karibu na feni, ikikwaruza omba nyingine. Mwisho dai risiti, na muda wa waranti uandikwe kwa kalamu juu yake pamoja na serial namba ya mashine iliyobandikwa kwenye kava, ili siku ukirudi wasikuambie hiyo sio yetu.