Barua za Wasomaji: "Mama, imeshapita"

Shikamoo Mama Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, natokea Fizi, Kongo, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na mmoja, na sasa tuko Kentucky, Marekani, mwaka wa tatu. Mwezi wa tano tulipata karatasi ya Kiingereza kutoka wilaya ya shule. Binti yangu wa miaka 13 alinisomea: mtoto anayeishi chini ya maili moja na nusu hatachukuliwa tena na basi. Sisi tuko maili moja na robo, barabara haina njia ya waenda kwa miguu na malori yanapita. Niliomba ruhusa kwenye kiwanda cha kuku nikaenda mkutano wa bodi. Nilikaa mstari wa nyuma na binti yangu. Mtu alisoma orodha ya namba, wote wakasema ndiyo, wakaendelea na mengine. Binti akaniambia, "Mama, imeshapita." Hawa watu ni nani, na waliamulia wapi? Na mimi ambaye bado si raia, nina neno gani pale?
Mama Riziki, Kentucky

Marahaba, Mama Riziki. Barua yako nimeirudia mara tatu, na pale mtoto anapokugeukia na kukwambia imeshapita ndipo paliponiuma zaidi. Nilifundisha shule ya msingi Kasulu miaka tisa, na huku Kentucky kazi yangu ni ukalimani, kwa hiyo mikutano ya namna hiyo nimeikalia mingi. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kule Kigoma tulizoea kamati ya shule. Ni ya shule moja, mwalimu mkuu ndiye katibu wake, na mwenyekiti unaweza kukutana naye sokoni mkayamaliza. Bodi ya elimu ya huku inasimamia shule zote za wilaya kwa pamoja. Wilaya nyingi za Kentucky zina wajumbe watano. Jefferson County, yaani Louisville, wanao saba. Wanachaguliwa na wapiga kura mwezi wa Novemba, kwa miaka minne, mara nyingi kila mmoja kutoka eneo lake. Wao hawaendeshi shule. Wanamwajiri superintendenti, ambaye ndiye mtendaji mkuu, kisha wanapitisha bajeti, kodi ya shule inayotozwa kwenye majumba na ardhi, na sera.

Sasa turudi kwenye ile jioni. Orodha ya namba uliyoisikia ni mambo yanayopitishwa kwa mkupuo, kwa kura moja, kwa kuwa yanahesabiwa hayana ubishi tena. Sera kwa kawaida husomwa mara mbili, kama muswada bungeni: mwezi mmoja inasomwa kwa mara ya kwanza, mwezi unaofuata inasomwa tena na kupigiwa kura. Naamini wewe ulifika kwenye usomaji wa pili. Mlango wa maneno ulikuwa kwenye ule wa kwanza, na karatasi yako ilikuja ukiwa umeshafungwa.

Na hata usomaji wa kwanza hauwi mwanzo. Suala la mabasi huanzia kwenye fedha. Mwaka wa fedha wa shule za Kentucky unaanza tarehe 1 Julai, na sheria ya jimbo inaitaka bodi ipitie makadirio ya mapato na matumizi kabla Januari haijaisha, ipitishe bajeti ya awali kufikia tarehe 30 Mei, na ile kamili kufikia tarehe 30 Septemba. Madereva wakipungua au gharama ikipanda, swali la nani apande basi linaulizwa Januari na Februari, kwenye vikao vya kazi ambavyo viko wazi kwa kila mtu lakini viti vyake huwa vitupu. Nimewahi kukalimani kikao kama hicho tukiwa wasikilizaji wawili tu, mimi na baba mmoja aliyeniomba nimsindikize. Wajumbe walikuwa wanaulizana, wanafuta, wanabadilisha namba mbele yetu. Mwezi wa tano hawabadilishi kitu.

Lakini sera iliyopitishwa inaweza kurekebishwa mwezi wowote, na bodi lazima ikutane angalau mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo hujachelewa.

Kwanza itafute sera yenyewe. Ipo kwenye tovuti ya wilaya, na wilaya nyingi za Kentucky zinatumia mpangilio mmoja wa namba, ambapo mambo ya usafiri yako sura ya 06. Soma na binti yako, au nitumie nikusomee. Angalia kama kuna kifungu cha barabara za hatari, maana wilaya nyingine zinawaruhusu watoto wa karibu kupanda basi pale njia isipokuwa salama. Halafu angalia kama kuna herufi AP kwenye namba. Zikiwepo, hiyo si sera ya bodi, ni utaratibu wa ofisi ya superintendenti. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwako. Umbali wa maili uliopigiwa kura ni wa bodi, lakini kituo cha basi kikae wapi na basi lipite njia ipi ni kazi ya idara ya usafiri, na hapo ombi la maandishi linaweza kutosha bila kungoja mkutano.

Pili, jua kwamba jimbo linapotoa fedha za usafiri wa wanafunzi linawahesabu wanaobebwa na basi wanaoishi maili 1 au zaidi kutoka shuleni. Wanao wakibebwa wanaingia katika hesabu hiyo. Swali la kuwauliza ni hili: kwa nini mstari wa wilaya uko mbali kuliko mstari wa jimbo?

Uraia haukuzuii kusema. Huwezi kupiga kura ya Novemba wala kugombea ujumbe wa bodi, lakini mikutano ni ya wazi kwa sheria tangu 1974, na mkutano wa kawaida unapaswa kutenga angalau dakika 15 za kusikiliza wananchi pale wanapojiandikisha. Tena kuna baraza la shule ya mtoto wako, lililoletwa na mageuzi ya elimu ya Kentucky ya 1990: mwalimu mkuu, walimu watatu na wazazi wawili. Wazazi hao huchaguliwa na wazazi wenzao. Baraza haliamui mabasi, lakini lina sauti kwenye ratiba na nidhamu, na sioni sababu usigombee.

Mkalimani una haki ya kumwomba. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kwa miaka mingi imefasiriwa kwamba kumnyima mzazi habari muhimu kwa sababu ya lugha kumo humo. Andika kwa katibu wa bodi siku kadhaa kabla, useme unataka mkalimani wa Kiswahili. Tafadhali binti yako mwache akae kama mtoto.

Na hili nalisema kwa kuwa limeshanichoma. Mara nyingi kila msemaji hupewa dakika tatu. Yule baba niliyemsindikiza alipoitwa kwenye kipaza sauti, alisema sentensi nami nikaigeuza, akasema nyingine nikaigeuza, na taa nyekundu ikawaka akiwa hajafika kwenye jambo lililomleta. Dakika tatu zake zilikuwa moja na nusu. Omba dakika sita mapema, kwa maandishi. Wakikataa, andika maneno yako, tuyafasiri kabla, wewe useme sentensi mbili kwa Kiswahili na mkalimani asome yaliyobaki.

Usianzie kwenye kipaza sauti, lakini. Mtafute mjumbe wa eneo lenu, jina lake na barua pepe viko kwenye tovuti. Bodi ya watu watano inaamua kwa kura tatu, nawe unahitaji mmoja wa kuanzia. Mwalike mtembee naye hiyo maili moja na robo, saa ile ile watoto wanayotoka nyumbani, malori yakiwa yanapita. Niandikie siku atakayokubali. Nikiwa sina zamu nitakuja kuwakalimania njiani.